Uzi: Ng'ombe wa maziwa wanachechemea mmoja baada ya mwingine, tetra imegoma. Ni kuoza kwato au kuna kitu kingine?

MaziwaTukuyu
Wakuu habari za masika. Nipo Rungwe, Tukuyu huku, mvua haijatupumzisha tangu Novemba na banda limekuwa tope tupu. Nna ng'ombe wanne chotara wa Friziani, wawili nakamua, mmoja amekauka, na mtamba mmoja nilimnunua mwezi wa pili.

Wiki tatu zilizopita yule mkubwa kaamka hataki kukanyaga mguu wa nyuma wa kulia. Jana yake jioni alikuwa mzima kabisa kala mabingobingo yake kamaliza, asubuhi nakuta pamevimba hadi kwato mbili zimeachana kama mkasi uliofunguliwa, na ile harufu sasa, yani ukiinama chai yote inarudi. Maziwa yakatoka lita 14 hadi 8 siku hiyo hiyo. Nikaenda duka la dawa za mifugo wakanipa tetra ya 20%, ile antibayotiki ya sindano, nikachoma, siku ya tatu anatembea. Nikajiona na mimi dokta.

Sasa wiki iliyofuata mwingine kachechemea. Nikachoma tetra ile ile, hola. Nikarudi dukani wakanipa genta, antibayotiki nyingine, siku tatu nachoma, hola. Juzi mtamba naye kaanza kukanyaga kwa ncha ya kwato kama bibi harusi mwenye viatu vya kuazima. Nimeshamaliza hela na sijui natibu nini. Msaada wakuu.

Babu Kijiwe
Ngoja nivute kiti cha mbele na kikombe changu cha maziwa, ila yasiwe ya huyo aliyechomwa genta.

Mzee wa Kazi
Mkuu acha kupoteza hela kwa hao wauza dawa. Chukua oili chafu ya gari, changanya na chumvi ya mawe, paka katikati ya kwato asubuhi na jioni. Sisi tumefuga miaka yote hivyo na ng'ombe walipona.

MamaMtamba
Walipona wangapi na waliobaki vilema wangapi mzee? Oili chafu inaunguza kidonda na inafunika uchafu ndani, na ng'ombe akijilamba inaingia tumboni.

Kaka MaziwaTukuyu naomba nikuulize kitu kimoja tu, tangu waanze kuchechemea umeshawahi kuinua mguu ukauosha kwa maji ukaangalia kwa macho yako? Maana umesema "nikachoma" mara tatu, "nikaangalia" sijaiona. Mimi niko Machame nafuga ndani, somo hili nililipia ada kubwa.

MaziwaTukuyu
Dada umenikamata. Wa kwanza niliangalia kwa sababu ya harufu. Wengine ukweli sijainua, yule wa pili anarusha mateke balaa.

Bwana Mifugo Mstaafu
Mwanangu kabla ya mengine yote, angalia midomo. Kama kuna ng'ombe anadondosha mate mengi kama kamba, ana malengelenge kwenye ulimi au ufizi, na wengi wanachechemea kwa mpigo, acha kila kitu umwite afisa mifugo wa kata leo hii na usitoe mnyama wala maziwa nje. Hiyo itakuwa ugonjwa wa miguu na midomo, ni virusi na hauna sindano ya kuutibu. Kama midomo ni safi ndiyo tuje kwenye bakteria.

Halafu funga kamba juu ya kifundo cha mguu wa nyuma, ipitishe juu ya boriti, mwenzako avute taratibu. Osha kwa maji mengi. Angalia sehemu tatu: katikati ya kwato, nyuma kwenye kisigino, na chini kwenye unyayo. Pima na joto la kila mmoja. Uje utuambie.

Babu Kijiwe
Mzee kaingia, vijana kaeni mkao wa kujifunza.

MaziwaTukuyu
Shikamoo mzee wangu. Nimerudi, nimelowa mavi hadi shingoni lakini nimeona.

Midomo safi wote wanne, hakuna mate hakuna lengelenge. Wa kwanza katikati ya kwato pamebaki kovu, pamekauka. Wa pili ndo amenishangaza, katikati ya kwato hana kitu! Kidonda kiko NYUMA, juu kidogo ya kisigino, pale kwato mbili zinapokutana. Ni duara saizi ya sarafu ya mia mbili, jekundu lina vipunje vipunje kama forosadi, na pembeni nywele ndefu zimesimama zimelizunguka. Hakuna uvimbe wa maana. Nilipogusa kwa kidole tu nusura anivunje taya. Joto 38.6. Mtamba anacho kama hicho hicho kidogo mguu mmoja, na mguu mwingine ana kitu kama kigaga cheusi kinene. Joto lake nalo la kawaida.

Bwana Mifugo Mstaafu
Marahaba. Hapo sasa umeongea. Una magonjwa mawili bandani na umeyatibu kama ugonjwa mmoja.

Yule wa kwanza ndiyo kuoza kwato kwenyewe. Mhusika mkuu ni Fusobacterium necrophorum. Usidhani kaletwa na upepo, anaishi kwenye tumbo kubwa la ng'ombe wako na anatoka na mavi kila siku ya Mungu. Hapendi hewa kabisa, oksijeni inamuua. Kwenye ngozi nzima hana ujanja, anachosubiri ni ngozi ya katikati ya kwato ilainike kwa mkojo na tope halafu ichanwe na kokoto au kisiki cha bua la mahindi, hapo anapita. Akiwa ndani anatoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu, zile ambazo zingemla yeye, ndiyo maana nyama inakufa haraka hivyo na jioni ng'ombe mzima asubuhi kilema.

Na haingii peke yake. Kuna Trueperella pyogenes, huyu bingwa wa usaha, anaitumia hewa iliyomo kidondani mpaka inaisha na kumwachia fusobakteria makao anayoyapenda. Naye fusobakteria kwa ile sumu yake anamkinga mwenzie. Wanalindana kama wezi wa mifugo. Kuna wengine wanakutwa humo humo, Porphyromonas levii na jamii ya Prevotella, wote hawa hawataki hewa.

Dalili zake ulizitaja vizuri: ghafla, uvimbe sawasawa pande zote mbili hadi kwenye vile vikwato vidogo vya nyuma, kwato kuachana, homa (ng'ombe mzima anacheza kati ya 38 na 39 na ushee, hawa wanafika 40), na harufu. Tetra ilifanya kazi kwa sababu uliwahi. Penisilini nayo inamweza. Ukichelewa anashuka kwenye kiungo na hapo hata mimi sina la kukwambia zaidi ya bucha.

Huyo wa pili na mtamba ni habari nyingine kabisa. Pale wahusika ni treponema. Wembamba, wamejisokota kama skrubu, na wanajichimbia ndani ya ngozi kama skrubu kweli. Ni ndugu wa ukoo mmoja na kijidudu cha kaswende ya binadamu.

Babu Kijiwe
KASWENDE?? MaziwaTukuyu tuambie huyo mtamba ulimnunulia wapi

Bwana Mifugo Mstaafu
Babu tulia. Ni ndugu, siyo yeye. Hakuna mtu anayepata kaswende kwa ng'ombe.

mswahili_friesland
Nimecheka sana lakini mzee yuko sahihi. Mimi niko Uholanzi, Friesland, hawa Friziani wenu ndo kwao hapa, nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe 120. Huku huo ugonjwa wa kisigino kila mfugaji anauita Mortellaro, jina la Mtaliano mmoja, yeye na mwenzake Cheli waliuelezea mwaka 1974 kwa ng'ombe wa kaskazini mwa Italia. Kuanzia hapo umezunguka dunia. Na msidhani kwa wazungu umeisha, tunaupiga vita kila wiki na bado upo.

Huku tunaupa namba. M1 ni kadoa kadogo hakajafika sentimita mbili, M2 ndo hiyo forosadi ya mkuu, inauma kinoma, M3 imeshika kigaga baada ya dawa, M4 ni ngozi nene sugu nyeusi, haiumi sana lakini treponema bado wamelala chini kabisa wakisubiri. Huyo mtamba mguu wa kigaga kinene kwa maelezo yako naona ni M4. Maana yake hakuupata juzi, alikuja nao.

Kingine, kuna watafiti Marekani walijaribu kuwaambukiza ng'ombe wazima makusudi. Haikutosha kupaka tu uchafu wa kidonda, ilibidi wafunge miguu na kuiacha imeloa bila hewa wiki kadhaa ndo ugonjwa ukashika. Sasa kufunga mguu kwenye unyevu bila hewa tofauti yake na kusimama kwenye mavi masika nzima ni nini?

MaziwaTukuyu
Aisee. Kwahiyo huyu mtamba niliyemlipia hela yote ile ndo kaniletea! Muuzaji aliniambia kabisa "huyu mzima hana tatizo".

Lakini swali, mtamba namfunga chumba cha peke yake, hagusani na yule wa pili. Kimefikaje kule?

LimuruMkulima
Wacha nikuulize boss, kuna mtu alikuja kukata kwato kabla hii shida ianze?

MaziwaTukuyu
Eeh alikuja fundi mmoja mwezi wa tatu, alianza na mtamba kwa sababu kwato zilikuwa ndefu, akamalizia na huyo wa pili. Ngoja. Ngoja kwanza.

LimuruMkulima
Ndio hiyo. Mimi niko Limuru, Kiambu, mwaka juzi iliniwaka ng'ombe watano kwa mwezi mmoja. Jamaa wa kwato alikuwa anatoka kwa jirani anakuja kwangu, kisu ni kile kile anapangusa na suruali. Jirani alikuwa nayo miezi, mimi sikuwa nayo. Saa hii hakuna mtu anaingia boma yangu na kisu chake kabla nikiloweke kwa dawa mbele yake. Anaosha uchafu kwanza na brashi, kinaingia kwa ndoo ya klorini au aidini, hiyo ni kati ya ng'ombe na ng'ombe, tena hata kati ya mguu na mguu. Alikasirika kwanza, akazoea.

mswahili_friesland
Confirmed mkuu. Waingereza walichukua sampuli kwenye visu vya kukatia kwato vikiwa vimetoka kwa ng'ombe wagonjwa, vinasaba vya treponema vilikutwa pale pale kwenye chuma. Glavu pia.

Mzee wa Kazi
Mnamtisha kijana na majina ya kizungu. Mbona genta haikusaidia kama ni bakteria? Bakteria si bakteria tu?

Bwana Mifugo Mstaafu
Swali zuri ndugu yangu, na ndipo wengi wanapoliwa hela. Genta ili ipenye ndani ya bakteria inahitaji oksijeni. Hawa wote tuliowataja, fusobakteria na treponema, wanaishi pasipo hewa. Dawa inafika mlangoni haina ufunguo. Hata ile streptomaisini iliyochanganywa kwenye penstrepu hapa haina kazi, inayofanya kazi ni penisilini peke yake. Aliyekuuzia genta alikuuzia maji ya bei mbaya.

Na kwa nini tetra ya sindano iligoma kwa wa pili, huu ni ugonjwa wa ngozi, sehemu ndogo ya juu. Dawa inatakiwa iwekwe pale pale. Osha, kausha kwa kitambaa safi, pulizia ile tetra ya bluu ya kopo, subiri ikauke kidogo, pulizia tena, msimamishe pakavu angalau nusu saa. Rudia siku kadhaa mfululizo. Ukitaka kufunga bandeji funga nyepesi na uitoe baada ya siku mbili tatu, usiisahau mguuni ukamtengenezea treponema nyumba ya kudumu.

MamaMtamba
Na maziwa kaka! Hapa naomba tuwe wakweli. Tangu umeanza kuchoma hayo matetra na magenta maziwa umepeleka wapi?

MaziwaTukuyu
Dada si ningekufa njaa... niliuza mtaani, si watu wanachemsha.

MamaMtamba
Kuchemsha hakuondoi tetra. Mimi niligundua kwa aibu, nilichoma ng'ombe, siku ya pili nikagandisha mtindi wa oda ya shughuli, siku mbili mtindi hauja­ganda maziwa yanakaa tu yananitazama, kumbe dawa imeua wale bakteria wazuri wa kugandisha. Sasa kama imewaua wale kwenye sufuria, kwenye tumbo la mtoto wa jirani inafanya nini? Kila chupa ina siku za kusubiri zimeandikwa, za maziwa na za nyama, na hazifanani dawa kwa dawa. Soma kibandiko. Wakikwambia dukani "mbili tatu tu" mwambie akuoneshe palipoandikwa.

MaziwaTukuyu
Nimekuelewa dada, na naona haya kweli. Ya huyo aliyechomwa juzi nimeanza kumwaga leo.

Mrututu je? Jirani ananiambia nijenge josho la miguu nitie mrututu.

Bwana Mifugo Mstaafu
Mrututu unasaidia kuzuia, kidonda kilichokwisha kuwa forosadi haukiponyi peke yake. Kipimo ni asilimia 5, yaani nusu kilo kwa lita 10 za maji. Kwa ng'ombe wanne usijenge josho, utamwaga hela. Tumia ndoo ya plastiki (ya bati inatobolewa) au beseni, mguu mmoja mmoja, au ile bomba ya kupulizia mgongoni. Lakini OSHA MIGUU KWANZA. Mrututu ukikutana na mavi nguvu yake inaishia kwenye mavi, unakuwa unaogesha kwato kwenye supu ya bluu.

Kuna wanaotumia fomalini asilimia 3 hadi 5. Sikushauri bandani kwako, ile inachoma macho na kifua cha anayeichanganya na inahusishwa na saratani.

MamaMtamba
Na ukimaliza usimwage maji ya mrututu kwenye migomba. Mrututu una shaba, na shaba haiozi, inabaki udongoni. Sisi huku mashamba ya kahawa yalipuliziwa shaba miaka na miaka, ipo kwenye udongo mpaka leo. Na kama una kondoo asiyanywe, kondoo na shaba hawapatani.

LimuruMkulima
Moja ya mwisho nisije nikasahau, isikuwe sasa kila ng'ombe ikichechemea unasema ni treponema. Yangu moja nilipulizia dawa wiki mbili bure, kumbe ilikuwa ni mimi nimeipa dairy meal nyingi baada ya kuzaa, asidi ikapanda tumboni, kwato ikaharibika kutoka ndani. Ukigeuza unyayo unaona rangi ya damu. Hapo hakuna bakteria ya kuua, ni chakula.

Bwana Mifugo Mstaafu
Kweli kabisa. Na kuna kile kisigino kinacholiwa liwa na kuwa na mifereji mifereji, Dichelobacter nodosus anahusika humo, ndiye yule yule anayewaangusha kondoo. Kwa ng'ombe ni mpole kidogo, ila anafungua njia kwa wenzie.

Kijana sasa sakafu. Unayo ya zege au udongo?

MaziwaTukuyu
Udongo na mawe mzee, na maji ya paa yanaingia ndani.

Bwana Mifugo Mstaafu
Basi unajua pa kuanzia. Gata kwanza, zege baadaye.

Babu Kijiwe
Mzee wa Kazi umenyamaza, oili chafu vipi?

Mzee wa Kazi
Naipeleka kwenye mbao za banda, mchwa wamezidi.

MaziwaTukuyu
MREJESHO (wiki ya tano)

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Yule mkubwa amefika lita 13, kovu limefunga. Wa pili nilimpulizia siku tano, forosadi ikageuka kigaga cheusi, kikadondoka, sasa pana ngozi ya waridi, anakanyaga mguu wote na teke ameacha. Genta nilizobakiza nilirudisha dukani, hawakupokea.

Gata nimeweka ya mabati ya zamani na mfereji nyuma ya banda, mavi natoa mara mbili kwa siku, na kwenye sehemu ya kulala nimeweka maranda. Siku za kwanza nilikuwa naona kama napoteza muda, ila wiki ya pili ukishika katikati ya kwato ni pakavu, hata rangi ya ngozi imebadilika. Fundi wa kwato nilimpigia simu nikamweleza kwa upole habari ya kisu, akasema miaka kumi anafanya kazi hakuna aliyewahi kumlalamikia. Nimenunua kisu changu.

Mtamba ndo bado. Mguu wa kidonda ulipona, halafu jana kwenye ule mguu wa kigaga nimeona katikati yake kadoa kekundu kadogo kama punje ya dengu. Ana mimba ya miezi mitano. Mzee wangu nampulizia tena au namuuza?

mswahili_friesland
Hiyo kwa huku ni M4 iliyoamka, tunaiandika M4.1. Usimuuze, ukimuuza unampelekea mtu mwingine bandani kama wewe ulivyoletewa.

Bwana Mifugo Mstaafu
Pulizia leo leo, kangali kadogo. Huyo utakuwa unamwinua mguu kila Jumamosi mpaka azae na baada ya hapo, ndivyo walivyo, hawaponi moja kwa moja. Na umkamue wa mwisho kila siku akishazaa, miguu yake ioshwe na maji yake mwenyewe.

MaziwaTukuyu
Sawa mzee. Nimeshafunga kamba kwenye boriti, namsubiri kijana aje anishikie.